Manowari Mezani

Tarehe 7 Aprili 1945 ndege za Marekani ziliizamisha manowari ya Kijapani iliyoitwa Yamato. Ilikuwa na urefu wa mita 263, na ukiiweka kando pacha wake Musashi, hapajapata kuundwa manowari ya mizinga nzito kama hiyo. Karibu watu 3,000 walikufa nayo. Ikalala chini ya bahari, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Kyushu, imekatika mapande, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kuibughudhi.

Mwaka 1999 watafiti wakashuka na chombo cha kuzamia. Taa zikamulika omo, na pale mbele kabisa, puani mwa meli, likaonekana ua la krisanthemo, nembo ya ukoo wa kifalme wa Japani. Wakalipima. Upana wake ulikuwa takriban mita 1.

Sasa mtaniuliza, wanangu: kuna ajabu gani hapo? Ajabu ni kwamba kabla ya siku hiyo wengi walikuwa wakikadiria kuwa ua lile lina upana wa mita 1.5. Na duniani kuna watu ambao kazi yao ya jioni ni kuunda manowari ndogo za plastiki, kipande kwa kipande, hadi mlingoti wa mwisho. Kwa watu hao, habari kwamba ua ni dogo kuliko walivyodhani si jambo la kupuuza. Yamato zilizokuwa zimesimama kwenye makabati yao zilikuwa na pua iliyovimba.

Ilikuwaje jambo la wazi namna ile lisijulikane? Yamato iliundwa kwa siri kubwa, katika bandari ya Kure. Musashi, iliyoundwa Nagasaki, ilizungushiwa mapazia ya kamba za nyuzi za miti ya jamii ya mitende ili wapita njia wasione kitu, na kamba zilizotumika zilikuwa nyingi hata wavuvi wakakosa za nyavu zao. Vita vilipoisha mwaka 1945, michoro na nyaraka nyingi zilitiwa moto. Walionusurika wakabaki na kumbukumbu, na wengine wakabaki na picha chache zilizopigwa kwa mbali. Mtengenezaji wa modeli alilazimika kukisia.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na ni hesabu mnayoijua tayari. Katika somo la Jiografia mmeona ramani ya skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita moja kwenye karatasi ni nusu kilometa ardhini. Modeli ya meli hufuata kanuni hiyohiyo. Skeli ya 1/700 maana yake kila kitu kimegawanywa kwa 700. Chukueni ua la Yamato. Kwa 1/700, ua la mita 1.5 linakuwa na upana wa milimita 2.1, na lile la kweli milimita 1.4. Tofauti haifiki hata milimita moja, na hakuna mgeni atakayeiona. Kwa 1/350 inakuwa 4.3 dhidi ya 2.9. Kwa 1/200 inakuwa milimita 7.5 dhidi ya 5, na hapo hata mtu aliyesimama mlangoni anaweza kuhisi kwamba kuna kitu hakikai sawa.

Kosa ni lilelile, ila kadiri modeli inavyokua, nalo linakua. Watu wengi hununua modeli kubwa wakidhani wananunua uzuri zaidi. Mimi nasema wananunua maswali zaidi. Modeli ndogo humsetiri mtengenezaji asiyejua, na ile kubwa humuumbua.

Skeli hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1953 kampuni ya Revell ya Marekani ilitoa modeli ya plastiki ya manowari Missouri kwa skeli ya 1/535. Namba ya ajabu kweli! Lakini enzi zile kasha ndilo lililokuwa na neno la mwisho: kampuni ilikuwa na maboksi ya ukubwa fulani, na meli, iwe ndefu iwe fupi, ilipunguzwa mpaka ienee humo. Matokeo yake ukiweka modeli mbili za zamani ubavu kwa ubavu, mashua inaweza kuonekana ndefu kuliko meli mama.

Wajapani ndio waliosaidia sana kuleta utaratibu. Katika mji wa Shizuoka kulikuwa na kiwanda cha kupasua mbao cha familia ya Tamiya, kilichoanza mwaka 1946. Kikaingia katika kutengeneza modeli za mbao, kisha plastiki ikaja na kuzipiga kumbo mbao. Modeli yao ya kwanza ya plastiki ilitoka mwaka 1960, nayo ilikuwa Yamato ya 1/800. Haikuwaletea bahati, kwa sababu mshindani alikuwa na Yamato ya bei nafuu. Hawakukata tamaa. Mwaka 1971 kampuni nne za Shizuoka, yaani Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, zilikubaliana kugawana meli za jeshi la majini la Japani, kila moja iunde zake, zote kwa 1/700. Washindani wanne kukubaliana namna hiyo si jambo la kila siku. Tangu hapo mtu aliweza kupanga kikosi kizima mezani na ukubwa ukalingana. Baadaye 1/350 ikashika kwa wanaotaka meli ya kujaza rafu, na kampuni ya Trumpeter ya China ikaja na manowari za 1/200, za kujaza meza.

Meza hiyo iwe na urefu gani? Chukueni Bismarck, manowari ya Kijerumani yenye urefu wa mita 251. Kwa 1/700 ina sentimita 36, rula ya shule na kidogo. Kwa 1/350 ina sentimita 72. Kwa 1/200 inafika sentimita 125, na hapo inabidi kwanza uwaombe ruhusa wenye nyumba.

Lakini msidanganywe na urefu. Revell wanayo modeli ya meli ndogo ya kusindikiza misafara, ya aina iliyoitwa Flower, ambayo zamani ilitolewa na Matchbox wa Uingereza. Meli yenyewe ilikuwa na mita 62 na nusu tu, robo ya Bismarck. Modeli yake, kwa kuwa ni ya 1/72, ina sentimita 87, ndefu kuliko Bismarck ya 1/350! Ukisikia mtu anajisifu kuwa ana modeli kubwa, muulize baharia wake ana kimo gani. Mtu wa mita 1.7 kwa 1/700 ana milimita 2.4, punje ya mchele inamzidi. Kwa 1/350 ana karibu milimita 5. Kwa 1/200 anafika 8 na nusu, ana kichwa na mabega. Kwa 1/72 ana zaidi ya sentimita 2, na unaweza kumpaka rangi ya kofia na ya viatu. Kimo cha baharia ndicho kinachokwambia utalazimika kujua mambo mangapi: kama yeye anaonekana, basi kitasa cha mlango anaoupita nacho kitatazamwa.

Tuzilinganishe sasa nne za 1/200, maana hapo ndipo mambo yanaponoga. Missouri ina mita 270, hivyo modeli yake ni sentimita 135. Ndiyo meli ambayo juu ya sitaha yake Japani ilitia saini kusalimu amri, tarehe 2 Septemba 1945, na mpaka leo inaelea Pearl Harbor, Hawaii, ni jumba la makumbusho. Mwenye shaka kuhusu upana wa ngazi hupanda melini na futi kamba. Kwa hiyo Missouri ikiwa na kosa, mtengenezaji hana pa kujificha. Afadhali hata hivyo uulize Missouri ya mwaka gani, kwa sababu ilirudishwa kazini miaka ya 1980 ikafungwa makombora na rada mpya, na watu waliopiga picha majuzi wamepiga meli hiyo, si ile ya 1945.

Bismarck iko katikati. Michoro mingi ilibaki, na picha pia, na mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1989 na timu ya Robert Ballard, katika kina cha zaidi ya mita 4,700. Umbo lake halina ugomvi mkubwa, ugomvi uko kwenye rangi. Bismarck ilipoondoka bahari ya Baltiki ilikuwa na milia mikubwa ya nyeusi na nyeupe ubavuni, ya kumchanganya adui. Tarehe 21 Mei 1941, ikiwa imetia nanga katika ghuba moja karibu na Bergen, Norway, mabaharia wakashushwa ubavuni kuifuta milia hiyo kwa rangi ya kijivu. Siku sita baadaye meli ilikuwa chini ya bahari. Kwa hiyo kabla hujachagua kopo la rangi, chagua tarehe. Ukichora milia safi, hiyo ni meli ya kabla ya Bergen, na huwezi kuiweka mezani ikipigana na Hood ya Waingereza. Rangi ya mapaa ya minara ya mizinga yake bado inawagombanisha watu wazima wenye mvi, na mimi simo.

Hood nayo ipo kwa 1/200, sentimita 131. Ilikuwa fahari ya Waingereza kwa miaka ishirini. Asubuhi ya tarehe 24 Mei 1941 kombora la Bismarck liliifikia ghala ya baruti, ikalipuka na kuzama katika dakika chache. Walikuwamo watu 1,418. Walipona watatu: Briggs, Dundas na Tilburn. Nawaambia hili kwa sababu modeli huja bila watu, safi kama imetoka dukani, na mtoto anaweza kuiunda yote bila kujua kwamba nyuma ya vidirisha vya mviringo ubavuni waliishi watu.

Ya nne ni Yamato ya kampuni ya Nichimo, ya siku nyingi, iliyoundwa iweze kutiwa mota na kuendeshwa majini. Ni kubwa, ina sentimita 131, lakini ni ya zamani kabla watafiti hawajalipima ua. Anayeinunua leo anunue na subira, kwani vitu vingi itabidi aviunde upya mwenyewe. Mwaka 2011 Tamiya walitoa Yamato mpya kabisa ya 1/350 kuchukua nafasi ya ile yao ya miaka ya 1970. Ukinilazimisha nichague, nitachukua hiyo ya sentimita 75 na kuiacha ile ya sentimita 131. Na kama mnataka kuona Yamato kubwa kweli, iko Kure, kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2005: skeli ya 1/10, urefu mita 26.3. Hiyo si ya kuweka sebuleni.

Sasa kazi yenyewe. Vipande huja vimeshikana kwenye fremu za plastiki, mamia kwa mamia. Kosa la kwanza la mgeni ni kuvikata vyote siku ya kwanza kwa furaha, halafu kukaa usiku akitafuta namba. Kata kimoja, kisugue, kipachike. Kabla ya hapo osha fremu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, maana plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Mwili wa meli ya 1/200 una hila zake. Plastiki ndefu namna hiyo hupinda kidogo. Mafundi hubandika vipande vya kuushikilia kwa ndani, kushoto na kulia, na kutoboa matundu ya stendi mapema kabla sitaha haijafungwa, kwani baadaye hakuna mkono utakaoingia. Palipo na ufa, tia puti, ileile wanayotumia mafundi wa gereji kwenye bodi za magari ila laini zaidi, kisha msasa wa maji, kisha praima. Praima ni shahidi asiyehongeka. Mwanya usiouona kwenye plastiki utauona mara tu kijivu kikikauka.

Gundi ni za aina mbili na hazibadilishani kazi. Ile ya plastiki huyeyusha kidogo nyuso mbili, zikashikana zikawa kitu kimoja. Supaglu hutumika pale plastiki inapokutana na chuma. Zote mbili zina mvuke mkali: dirisha liwe wazi, na mtu mzima awepo.

Kwa nini chuma? Tazameni reli zinazozunguka sitaha ili mabaharia wasianguke. Kiwanda kikizitengeneza kwa plastiki ya unene wa milimita 1, kwa skeli ya 1/200 hizo ni reli zenye unene wa sentimita 20. Baharia angehitaji mikono yote miwili kukumbatia reli! Ndiyo maana modeli nzuri huja na karatasi nyembamba za shaba, zilizoliwa kwa kemikali mpaka zikabaki reli, ngazi na nyavu za rada tu. Unazikata kwa wembe, unazikunja kwa kibano, na ukipiga chafya unaanza kutafuta chini ya meza. Reli hizi, pamoja na kamba za milingoti, huwekwa mwisho kabisa. Ukiziweka mapema utaziponda kwa kiwiko.

Mstari wa maji unawatesa wengi. Chini ya mstari meli nyingi zimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia chaza na majani ya baharini, na juu yake kijivu, na mpaka kati ya hizo mbili lazima unyooke kutoka tezi hadi omo, ingawa ubavu umejikunja. Ukichora kwa jicho tu utapotea. Dawa yake ni hii: laza meza sawasawa, simamisha meli kwenye stendi, funga penseli juu ya kipande cha mbao kwa kimo kinachotakiwa, kisha iburute mbao mezani kuizunguka meli yote. Penseli haibadili kimo, kwa hiyo mstari hauwezi kupanda wala kushuka. Sijaona ujanja rahisi kuliko huo unaotoa kazi nzuri kiasi hicho.

Kuna watakaotaka kuiona meli yao majini. Hapo hesabu inageuka kidogo, sikilizeni vizuri. Ukigawa urefu kwa 200, upana nao umegawanywa kwa 200, na kina pia. Uzito, basi, unagawanywa kwa 200 mara tatu, yaani kwa milioni 8. Bismarck ikiwa imejaa ilikuwa na karibu tani 50,000. Gawanya: kilo 6 na robo. Modeli yako ya 1/200, ili izame mpaka kwenye ule mstari uliouchora kwa shida, lazima iwe na uzito huo kamili, mota na betri zikiwemo. Plastiki peke yake haifiki huko. Modeli nyepesi itaelea juu juu na kupinduka kwa upepo mdogo, kama kidau cha mchezo ambacho mtoto wa pwani amesahau kukitia jiwe. Inahitaji farumi, na farumi ilazwe chini kabisa, katikati, juu ya mkuku.

Mwendo nao una sheria yake, iliyotafutwa na Mwingereza William Froude, ambaye miaka ya 1870 alijenga birika refu huko Torquay na kukokota modeli ndani yake ili ajue meli kubwa zitakavyosukuma maji. Aligundua kwamba ili mawimbi ya modeli yafanane na ya meli, mwendo haugawanywi kwa skeli bali kwa kipeuo cha pili cha skeli. Kipeuo cha pili cha 200 ni kama 14. Bismarck ilikimbia noti 30. Modeli yake iende noti 2 na kidogo, mwendo wa mtu anayetembea pole pole ukingoni. Watoto wengi wanapenda modeli ichane maji kama boti la doria. Ichaneni mkipenda, lakini povu litawaumbua.

Na huku kwetu? Hadithi ya manowari ilifika mpaka mlangoni. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia alfajiri Unguja, ikaizamisha HMS Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imesimama bandarini kwa matengenezo. Baadaye ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ilipomalizwa na mizinga ya Severn na Mersey, meli mbili zenye chini bapa zilizoweza kupita kwenye maji machache. Mizinga yake kumi iliokolewa mtoni, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikapewa magurudumu na kukokotwa nchi kavu mpaka vita vikaichakaza.

Königsberg ilikuwa na mita 115. Kwa 1/350 ingekuwa na sentimita 33, na kwa 1/200 sentimita 57 na kidogo, ya kutosha kabisa meza ya shule. Revell wanazo Emden na Dresden kwa 1/350, meli mbili zilizoundwa mara tu baada yake na zinazofanana nayo sana. Fundi mwenye msasa na ujasiri anaweza kuanzia hapo. Faida yenu ni kwamba hamhitaji chombo cha kuzamia. Mmoja wa mizinga ile uko Fort Jesus, Mombasa. Nendeni na futi kamba, mpime urefu wa mtutu na unene wake mdomoni, mchore, mgawe kwa 200. Tundu lake la sentimita 10.5 litatoka nusu milimita, sawasawa na risasi ya penseli ya kubofya, na hiyo risasi ndiyo ya kutumia kupimia kama mtutu mlioununua umetobolewa vizuri.